Mzinga

Sajini alituambia: tumebeba mzinga.
Utingo Okidi, mtoto wa mrina asali wa Palabek,
akauliza kama nyuki wamelala.
Tulicheka hadi karibu na daraja la Aswa.

Turubai la buluu, kamba nane,
mimi mwenyewe nilizifunga.
Askari kumi na wawili, mihogo ya kuchoma,
redio inayokoroma.

Kisha gogo barabarani.
Gogo bichi, utomvu ungali unachuruzika.
Niliuona nikiwa nimeshachelewa.

Majani marefu yakatema risasi kushoto na kulia.
Mzinga wetu, wa kubomoa milima,
ulibaki ndani ya kamba zangu, kimya,
kama bwana mkubwa anayesubiri kufunguliwa mlango.
Walijaribu kuuburuta, ukakwama matopeni.
Wakachukua viatu, sukari, na Okidi.

Miaka kumi na minne.
Juzi nilipita pale kwa baiskeli.
Kutu. Magugu. Kipande cha buluu kwenye mwiba.
Nikasikia mvumo ndani ya mtutu,
nikasogeza sikio.

Walikuwa wameamka.

Nimetoka Palabek kumwambia mama yake.
Aliniuliza asali ilikuwa ya rangi gani.