Mhuri wa Mlangoni

Mhuri huu niliuokota Chama cha Msingi kilipohama ofisi:
mpini wa mti, herufi zimelika pembeni,
IMEPOKELEWA.
Zamani ukigongwa kwenye stakabadhi za korosho.
Sasa naugonga mikononi mwa watu, Ijumaa na Jumamosi,
mlangoni pa ukumbi, Chikongola.
Ukilipa elfu tano
umepokelewa.

Miaka tisa sijaliona jukwaa.
Mgongo ukutani, kopo la biskuti mapajani,
besi ya Chinduli naijua kwa sarafu:
akishuka chini, shilingi mia mia
zinatetemeka kama zina homa.
Mpiga solo simjui sura.
Najua tu kwamba akikosea
huongeza sauti.

Msimu wa mnada wanashuka wa Newala, wa Tandahimba,
noti bado zina harufu ya benki,
wanamtuza mwimbaji mpaka paji lake halionekani.
Mwezi wa tano wanarudi walewale:
“Somoe, nusu wimbo hamna bei yake?”
Kuna mwaka walijaa wenye buti, watu wa gesi.
Gesi ikapita bombani kwenda zake,
buti zikaifuata.

Juzi, rumba imepamba moto, umeme ukakatika.
Hokororo akavuta kamba ya jenereta,
akalibembeleza, akalitukana kwa Kimakonde,
likazidi kununa.
Sarafu zangu zikatulia.
Nikashika kopo kwa mikono miwili, nikingoja
watoke wakidai chao.

Hakutoka mtu.
Nikasikia nyayo. Nyayo tu, juu ya saruji,
shwa, shwa, wanaumalizia wimbo wenyewe,
na sauti ya mwimbaji bila spika,
ndogo kumbe,
ndogo kama ya mtu anayeita kuku waingie bandani,
na ukumbi mzima umenyamaza vinywa
ili isikike.

Nikacheka peke yangu.
Nikaugonga mhuri mkononi mwangu,
gizani, upogo,
kopo nikaliacha kwenye kiti,
nikaingia.

Jumatatu sokoni, muuza dagaa
ananirudishia chenji: chini ya magamba
wino wa zambarau, ...POKELE...
Akauona na wangu.
Hakusema kitu. Akaniongezea fungu.

Elfu tano yangu
sijailipa mpaka leo.