Mstari wa Kumi na Saba

Saa kumi na moja alfajiri Foelke Harms anapanda tuta
linalozuia bahari isile mashamba ya Frisia,
darubini begani kama jembe,
na mimi nyuma, na daftari, na chupa ya chai
yenye bonge la sukari lisiloruhusiwa kukorogwa.
"Utamu uko chini," anasema. "Usubiri."

Ni Mei, kila kitu kinachipua, na upepo bado una meno.
Kondoo wanatukagua kama maafisa wa forodha.
Huku nyuma paa za vigae, kengele ya kanisa;
kule mbele maji yamejitoa
yakaacha tope linalong'aa hadi macho yachoke,
tope linalopumua, pwi, pwi,
vinywa vya minyoo vikirudia neno moja.
Tunangoja maji yarudi, yawasukume ndege kwetu.

"Hesabu."
Nahesabu kama karani wa benki, mmoja, wawili,
hadi kundi la vitwitwi linapogeuka hewani,
jeupe, jeusi, jeupe,
shuka moja linalokung'utwa,
na namba zangu zote zinamwagika.

Anacheka. Miaka thelathini na mmoja yuko hapa,
kila baada ya siku kumi na tano.
"Usihesabu ndege. Hesabu kiganja kimoja cha ndege,
kisha uone viganja vingapi vinafunika kundi."
Ananyoosha mkono wenye baridi yabisi juu ya upeo:
hamsini, hamsini, hamsini. Andika.

Naandika. Sululu, mia mbili na kumi.
Wala-chaza kumi na wanane, midomo ya rangi ya karoti,
wakigombana kama majirani wanaochangia ukuta.
Membe, sitini.
Shakwe: "Hao wanajitangaza wenyewe, weka mia."

Mstari wa kumi na saba una jina, hauna ndege.
Chamchanga wa ukosi: yule dume
aliyevaa manyoya shingoni kama jaji,
akacheza kwenye majani mafupi mpaka majike wakamkinai.
Alionekana mara ya mwisho
mwaka ambao Foelke alimzika Tjark.
Nauliza, mbona tusiufute, tuokoe karatasi?

Haniangalii. Anafuta kioo kwa ncha ya skafu.
"Andika sufuri."
"Lakini hakuna kitu."
"Basi andika kwamba hakuna. Ukimfuta
hatakuwa amepotea. Atakuwa hakuwahi kuja."

Sufuri yangu inatoka imepinda, kama yai.

Saa mbili na robo bukini weusi wanainuka.
Hatukuona cha kuwatisha. Wiki tatu walikuwa wakila
majani ya chumvi, wakinenepa kwa ajili ya Siberia,
na leo, ghafla, soko zima linahama,
wachuuzi wote wakipiga kelele kwa pamoja.
Mimi nimefika elfu moja mia nne.
"Wangapi? Foelke, wangapi?"
Mkono wake umesahau kuwa kipimo,
umebaki juu, wazi, haufuniki chochote.

Walipokuwa uzi, kisha si uzi tena,
aliniomba kalamu.
Akaandika kwa hati ya shule ya zamani:
zaidi ya hapo.

Chai ilikuwa imepoa. Tukainywa hivyo hivyo.
Sukari ilibaki chini ya kikombe,
ngumu, haijayeyuka,
na kondoo mmoja akakohoa.