Tope la Sinia

Mimi nililipwa kubeba bomba, si kufikiri.
Mita tatu za plastiki mgongoni mwa farasi wa mjomba,
naye Burulcha akapanda kwa miguu hadi juu,
maana farasi huyo alimuuma mwaka jana
na bado anamtazama bega.

Ziwa lenyewe wachungaji huliita Tabak, yaani sinia:
duara, na milima imelizunguka
kama wageni walionawa mikono wakangoja.

Barafu ya Machi zamani ilibeba lori la chumvi.
Safari hii ilitubeba sisi watatu, tena ikinung'unika.
Tukatoboa. Bomba likazama gizani, likameza,
likarudi limejaa tope la kijivu,
mstari juu ya mstari: mweupe wa kiangazi, mweusi wa baridi,
mwembamba kuliko ukucha.

Burulcha akalala kifudifudi na kijiti cha meno, akahesabu.
"Hapa mama alizaliwa. Hapa, ukame.
Hapa ni vita."
Nikainama kuiangalia vita.
Mstari kama mistari mingine.
Kijiji kilitoa wanaume arobaini;
ziwa halikuandikishwa jeshini,
liliendelea kupokea vumbi lake.

Karibu na juu mistari inanenepa ghafla,
unga wa mawe ulioshuka na barafuto inayoyeyuka,
minene, ya pupa, kama mtu anayekula haraka
akiona sufuria linaondolewa.
Kisha minne ya mwisho imekonda.

"Ameshiba?" akauliza Sadyr, mpwa wangu, miaka tisa.
"Hapana. Chakula kinaisha."
Hakueleza zaidi, nami sikuuliza.
Nyasi zote za mjomba hunywa kutoka hapa.

Akalikata tope vipande, akatia mifukoni,
kila mfuko na namba yake.
Kipande kimoja kikamponyoka, kikaanguka kwenye theluji;
akakizoa kwa kijiko, chembe kwa chembe, akitukana kwa Kirusi.
"Mwaka wangu," akasema. "Mwaka niliozaliwa."

Daftarini akaandika: tope, kijivu, halina harufu.
Sadyr akasogeza pua.
"Lina harufu ya kondoo."

Burulcha akanusa. Akanusa tena, macho ameyafumba.
Akayapiga mstari yale maneno mawili,
akaandika juu yake kwa penseli:
kondoo. Kwa mbali.