Nani Alikupiga Picha

Zamani nikikumbuka usiku wa treni ya pamba
niliona mikono, hii miwili,
kidole cha shahada kimeungua utambi,
nondo ya kugeuzia njia imelowa umande,
na mbele taa ya injini ikija
kama jicho la ng'ombe gizani.
Sikujiona. Nani hujiona akiwa kazini?

Sasa nina miaka sabini na minane.
Jicho la kushoto lina ukungu.
Daktari wa Mbale anasema ni mtoto wa jicho,
nami nacheka: hata jicho limezaa,
limenipa kitinda mimba wa uzeeni.

Kumbukumbu nayo imehama.
Imenitoka machoni, imelipanda jabali la Tororo,
imekaa kileleni kama tumbili aliyeshiba,
inatazama chini.
Kutoka kule reli ni nyuzi mbili za kushonea,
kibanda cha bati kinatosha kiganjani,
na kijana mwembamba, kofia imemzidi kichwa,
ameinua taa ya kijani.
Namwambia mjukuu wangu Athieno, yule ndiye mimi.
Ananiuliza:
"Babu, nani alikupiga picha?"

Harusi pia.
Nilikuwa ndani ya viatu vya Oboth, vya kuazima,
vilivyonibana hadi madhabahuni.
Leo havinibani. Namwona bwana harusi akichechemea,
namhurumia kama mtoto wa jirani.
Nyaketcho anaapa kwamba mvua ilinyesha,
gauni likalowa mpaka magotini.
Kwangu jua linawaka.
Huenda aliye juu sana
huyaona mawingu mgongoni.

Na lile kofi la askari, mbele ya abiria,
shavu liliniwaka miaka ishirini.
Siku hizi linamwangukia yule kijana wa kofia.
Nausikia mlio tu, umechelewa kidogo,
kama shoka la mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde.
Uzee unanivua mimi mwenyewe
polepole, kama mke amvuavyo koti
mume aliyelala kitini.

Lakini lipo jambo moja lililokataa kupanda.

Asubuhi ya surua, wadi ya watoto.
Blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu.
Kifungo cha shati la Owora kimening'inia kwa uzi mmoja,
nami nakisokota, nakisokota,
nisije nikainua macho.
Hapo sina kofia. Sina uso.
Nimejaribu, Mungu anajua. Nimepanda jabali kwa hiari yangu,
nikajiambia, haya, tumtazame yule baba kwa mbali,
tumwonee huruma, tushuke tukanywe chai.
Hakuna baba pale.
Kuna kifungo tu,
na kidole hiki chenye kovu la utambi
kinapapasa matundu yake:
manne.