Safu ya Tatu

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, juu ya duka la mikate,
tawi letu la Kutaisi hukutana: wakaguzi tisa wa madaraja,
birika la chai, michoro, na Kiingereza,
maana makao makuu yako Geneva
na Geneva haisomi herufi zetu zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu.

Katibu ni mimi, Nestani. Fomu ina safu tatu:
jina, hoja, msimamo.
Guramu, miaka thelathini na mmoja chini ya madaraja,
magoti yamekwisha, masikio bado,
huketi dirishani akimega mkate.
Hoja: hakuna. Msimamo: ameafiki.
Miaka minne nimemwandika hivyo.
Hakuafiki. Hakuwa na Kiingereza
cha kumtosha kukataa.

Novemba, mvua ikakata umeme.
Gizani mtu akauliza kwa Kijojia, "Nani ana kiberiti?"
na lugha ile, ilivyokwisha kuingia, haikutoka tena.
Guramu akaweka mkate chini.
Akagonga gilasi kwa kijiko: "Hii ni ribiti nzima."
Akagonga birika, lile lenye ufa:
"Hii imeliwa shingoni.
Ile ya nguzo ya pili, juu ya mto Rioni, inakohoa hivi.
Tangu mwaka juzi nawatikisia kichwa,
mnadhani nasinzia."

Tukasema sote kwa pamoja, tukabishana
mpaka mwokaji akatugongea dari kwa mpini wa ufagio.
Ijumaa asubuhi upande mmoja wa daraja ukafungwa.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini Behnamu, aliyehamia kutoka Tabrizi mwezi wa Agosti,
mwenye Kijojia cha sokoni tu, bei na ahsante,
alikuwapo, mshumaa usoni,
akicheka tulipocheka, sekunde moja nyuma yetu.

Usiku uleule nilijaza fomu, kwa Kijojia,
makusudi: Geneva nao watafute mkalimani.
Hoja ya Guramu ikafurika hadi pambizoni.
Nikafikia jina la mwisho.
Hoja: hakuna.
Mkono, kwa mazoea yake, ukaanza: "ame..."

Nikaushika.
Saa saba kasoro nikampigia simu,
kwa Kiingereza, na Kiajemi changu cha maneno sita:
Behnamu, samahani. Wewe wasemaje?

Kimya. Kisha, taratibu,
kijiko kikagonga kikombe.