Swali la Ishirini na Saba

Nafasi ya kujibu ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.
"Taja madeni yote yasiyolipwa. Taja sababu."
Nimefika saa moja na nusu, na sketi yangu ya Jumapili,
nimepita mashine inayolia ukiwa na funguo,
simu nimemwachia askari getini
ikiwa bado inatetemeka:
mdai wa asubuhi huyo, haheshimu milango ya serikali.

Miaka kumi na mmoja nimepanga faili za ghorofa ya pili,
likizo, uhamisho, malipo ya uzeeni.
Sasa wanataka kunipandisha ya tano,
kule faili hufungwa utepe mwekundu
na karani hamwambii hata mumewe alichokula mchana.
Ghorofa tatu tu.
Lakini jina langu limetangulia kwenye ngazi,
limekaa, limenyoosha miguu,
limo kwenye orodha ya wasiolipa.

Afisa Chelang'a anavua miwani. Si mkali.
"Bi Mghoi, mwenye deni ana mlango wa nyuma.
Anayetaka siri zetu havunji dirisha.
Huja na bahasha, hubisha taratibu, palepale penye deni."
Naitikia kwa kichwa.
Mlango huo naujua, ndiko ninakolala.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tulivyofundishwa.
Mimi harusi sikuiona.
Nilikopa matangani:
siku tisa za chumba cha mahututi,
hospitali iliyoushika mwili wa Mwakio mpaka ione risiti,
jeneza, gari la kumfikisha Wundanyi.
Nikatia sahihi kwenye chama cha akiba,
kisha usiku, gizani, nikabonyeza simu,
mkopo wa dakika tano,
mwingine wa kulipa ule,
mwingine wa kulipa huo mwingine.
Kila mwisho wa mwezi nazika mshahara.

Karatasi yake inasema laki mbili, elfu arobaini na moja, mia sita.
Haisemi Mama Khadenge wa Umoja
anayeniandika kwa mkaa ukutani: sukuma, nyanya, sukuma.
Haisemi dada yangu Wakesho aliyeuza cherehani
akaniambia, utanirudishia ukipata,
na tangu siku hiyo hajanikumbusha.
Hao serikali haiwajui.
Hao ndio ninaowaogopa.

Na kuna jambo ambalo fomu haikuuliza.

Mwezi wa tatu alinikalisha mtu kwenye kibanda cha chai, River Road.
Viatu safi, sauti ya pole.
Hesabu yangu aliijua mpaka zile mia sita.
Alitaka faili moja tu, ya kiwanja,
iwekwe rafu isiyo yake.
"Si kuiba, dadangu. Ni kusahau tu."
Nikamaliza chai. Nikalipia yangu, shilingi thelathini,
nikatembea kwa miguu mpaka Umoja
kwa kuwa hizo thelathini ndizo zilizokuwa nauli.

Deni liko vilevile, zima, halijapungua.
Ningekuwa nauzika, Bwana Chelang'a,
leo karatasi hiyo ingekuwa safi.

Sikuyasema hayo. Yangesikika kama maombi.
Kwenye ukucha ule niliandika: Mazishi.
Akasoma, akavaa miwani,
akaligeuza jina langu kifudifudi
juu ya rundo la wanaosubiri.

Getini askari ananirudishia simu.
"Hii inakutafuta sana," anasema. Anatazama huku na huku,
anashusha sauti:
"Dada, huna hamsini ya chai? Tarehe mosi nakurudishia."
Nafungua pochi. Ipo, moja, imekunjwa mara nne.
Nampa.

Naanza kutembea.
Jogoo Road ni ndefu, jua limeshapanda,
na mjini humu, kuanzia leo,
kuna mtu mmoja ninayemdai.