Ufa wa Njoro

Kamati imeleta rangi, kopo moja na nusu.
Inatosha sura moja ukutani, si mbili.
Wakanigeukia mimi, kwa kuwa madaftari ninayo:
kumi na tisa, ya marehemu baba,
yananuka mafuta ya taa,
na simu yangu, inayohesabu mpaka jasho.

Haya. Ndesario kwanza.
Misimu kumi na mmoja, vikombe sita,
pointi ishirini na mbili kila mchezo.
Ribaundi hazimo. Baba hakuziandika;
kwake kuokota mpira ilikuwa adabu, si sifa.

Kisha Godlisen. Misimu saba, vikombe viwili,
pointi kumi na tisa, pasi nane, ribaundi sita,
asilimia arobaini na moja kutoka mbali.
Hata mitupo aliyokosa ina tarehe na saa.

"Sita ni sita," akasema Mzee Kiwia,
akifunga mjadala kama anayefunga duka.
"Sita za ligi ya timu nne!" Haikaeli akadakia.
"Na mwaka wa sabini na tisa zilikuwa tatu,
wenzao wako Uganda na bunduki."
"Walikuwa na mpira mmoja, ukinyeshewa unakuwa jiwe.
Huyo wenu anabadilisha viatu kila robo."
"Huyo wetu anakabwa na watu waliomsoma
kwenye video wiki nzima.
Ndesario alikabwa na karani wa posta."
Tukacheka. Kiwia naye akacheka, akichelewa kidogo:
karani alikuwa yeye.

Ndipo mtu akauliza habari za mstari.
Enzi zile mstari wa pointi tatu haukuwepo.
Ndesario alitupa kutoka mbali kule
akapewa mbili, sawa na aliyenyoosha mkono chini ya ringi.
Ila baba, pembeni ya mbili hizo, aliweka nukta.
Nukta mia nne na tatu.
Nilizihesabu usiku wa mgao wa umeme,
nta ya mshumaa ikinidondokea kidoleni,
na kwenye jalada la ndani nikakuta maneno matatu:
*kutoka kwenye ufa.*

Basi tukaenda na futi kamba,
uwanja wa zamani, nyuma ya ghala la kahawa.
Ufa upo. Kiwia akausimamia,
magoti yakimtetemeka, akainua mikono mitupu
pale pale alipokuwa akiinua kumzuia mwenzake.
Tukapima mpaka chini ya ringi:
mita sita na sentimita sabini.
"Tatu!" wakapiga kelele. "Zote tatu!"
Na jumla ya Ndesario ikapanda tukiitazama,
kama malimbikizo ya mshahara
yaliyomkuta mtu kaburini.

Mimi nilikuwa nautazama mjakaranda.
Mzizi wake, mnene kama paja,
umepita chini ya zege, umelibinua,
na ufa umesogea nalo.
Shubiri moja? Hatua mbili? Upande gani?
Miaka arobaini na mitano mti unasukuma,
wala hakuna aliyeuwekea daftari.

Sikusema kitu. Niliikunja kamba polepole.

Godlisen alikuwa nyuma yetu muda wote,
mpira kwapani, na ndala miguuni.
Akaukanyaga ufa, akatupa.
Ringi ile haina wavu tangu sijui lini,
kwa hiyo mpira ulishuka bila sauti,
na papo hapo wakagawanyika:
umepita ndani, umepita nje,
Haikaeli akiapa kwa mama yake,
Kiwia akidai miwani yake ameiacha nyumbani
lakini ameona.

Rangi iko chini ya kitanda changu, haijafunguliwa.
Fundi amepiga simu mara mbili, anauliza: sura ya nani?

Nimenunua daftari la ishirini.
Ukurasa wa kwanza, tarehe ya juzi, jina la Godlisen,
nafasi ya pointi nimeiacha wazi.
Pembeni nimeweka nukta.